Barua ya wazi kwa chama rafiki Ujerumani: mradi "unaojiendesha" umesimama

Lushoto, Tanga
14 Oktoba 2025

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati Tendaji,
Chama cha urafiki na kijiji chetu (jina tumelihifadhi kwa heshima),
Ujerumani.

Nakala: Vyama vingine vya urafiki na Tanzania vilivyoko Ujerumani, pamoja na wanaopitisha maombi yao ya fedha za serikali.

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti na ndugu wajumbe,

YAH: PAMPU ILIYOUNGUA, BARUA ZISIZOJIBIWA NA NAFASI YETU KATIKA UBIA HUU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunawasalimu, tukitumaini hamjambo na familia zenu. Sisi hatujambo, vuli inanyemelea na kabichi ziko shambani. Kwa ada yetu salamu zingekuwa ndefu kuliko hizi, lakini hii ni barua ya nne kwa jambo lile lile, pampu ya maji mliyotufungia. Ya kwanza tuliituma Machi 2024, ya pili Julai mwaka huo huo, ya tatu Januari mwaka huu. Zote tatu zilikwenda kwenu faragha, kama inavyofaa kati ya watu wanaoheshimiana. Jibu pekee tulilopata ni la kompyuta, kwamba mhusika yuko likizo mpaka tarehe 19 Agosti. Tarehe 19 Agosti imeshapita mara mbili.

Ndipo mkutano wa kijiji ukaamua niandike hadharani. Mimi ni katibu tu, nimekabidhiwa kalamu.

Kilichowachoma watu hasa si ule ukimya. Desemba iliyopita mlituletea kifurushi cha Krismasi: kalenda, chokoleti zilizoyeyuka njiani zikaganda upya zikiwa na sura nyingine, na jarida lenu la mwaka. Ndani ya jarida kuna picha ya tenki letu, lile la buluu, na watoto wawili wanacheka mbele yake. Mmoja ni mtoto wa dada yangu. Chini ya picha pana maneno ya Kijerumani. Tukamwomba binti anayejitolea shuleni kwetu atusomee. Alisoma kimya kwanza, uso ukamwiva, halafu akatuambia kwa Kiswahili chake kizuri: "Imeandikwa kwamba mradi umekamilika na sasa unajiendesha wenyewe."

Siku hiyo bomba lilikuwa na miezi tisa halijatoa hata tone. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani akasimama, akauliza, "Unajiendesha kwenda wapi?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yule binti hakucheka. Alilikunja jarida akalirudisha kwenye bahasha.

Tusije tukaonekana watovu wa shukrani. Tangu mwaka 2011 mmetujengea madarasa mawili, mmesomesha vijana wetu, na hiyo pampu yenyewe mwaka 2019 ilileta maji mpaka juu kijijini kwa mara ya kwanza tangu kijiji kiwepo. Bibi zetu walishika yale maji kwa mikono miwili. Hilo hatulifuti, na anayedhani barua hii ni ya kuvunja urafiki ameisoma vibaya.

Wala ninyi si wageni katika milima hii. Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Wamisheni wenu walifika Mlalo mwaka 1891. Wazee wetu walisimuliwa habari za kodi na viboko, wakasimuliwa na za shule na zahanati, na hawakuwahi kuona haja ya kuchagua simulizi moja na kuitupa nyingine. Baada ya Uhuru mlirudi kwa sura tofauti: TIRDEP, mpango wa maendeleo ya vijijini kwa mkoa mzima wa Tanga, kuanzia 1972, na hapa milimani SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, kuanzia 1981. Baba yangu mpaka anafariki alimwita ng'ombe wake wa zizini "wa Sekapu".

Hapo kwenye SECAP naomba nikae kidogo, maana ndipo penye hoja yetu. Mradi ule ulifundisha kupanda majani ya gwatemala kwa mistari ya kukinga mteremko, kupanda miti, na kufuga ndani badala ya kuachia ng'ombe wazurure. Mwanzoni wakulima walinung'unika sana, na baba yangu hakuwa wa mwisho: shamba lenyewe dogo, halafu unaambiwa upande majani! Mradi ulifungwa, magari yakaondoka, wataalamu wakarudi kwao. Lakini mistari ya gwatemala bado ipo kwenye mashamba mengi, ukiwemo mmoja unaopita nyuma ya nyumba yangu. Kwa nini ilibaki? Kwa sababu ikifa mahali, unakata kipande kwa jirani, unachimba kwa jembe lako, unachomeka. Hakuna kipuri cha kuagiza ng'ambo, wala huhitaji sahihi ya mtu aliyeko likizo.

Sasa malalamiko yetu, moja moja.

1. Pampu.

Usiku mmoja wa Machi 2024 radi ilipiga karibu na chanzo. Asubuhi taa ya kisanduku cha kuendeshea pampu haikuwaka. Tulimleta fundi kutoka mjini. Alikifungua, akatunusisha: harufu ya plastiki iliyoungua. Paneli za sola nzima, pampu yenyewe nzima, kilichokufa ni kadi iliyomo ndani ya kisanduku, upana wake hauzidi kiganja cha mtu mzima. Fundi akazunguka Tanga mjini, akapiga simu Dar es Salaam. Aina ile haiuzwi. Akawaandikia watengenezaji moja kwa moja. Walimjibu kwa adabu kwamba dhamana ya mtambo ina jina la mnunuzi, hivyo mnunuzi ndiye afuatilie. Mnunuzi ni ninyi.

Hatukukaa tukisubiri sadaka. Kila kaya imechanga shilingi 5,000, na zilizopatikana ziko benki mpaka leo. Tulikwenda pia kwa wataalamu wa maji wa wilaya tuone kama pampu inaweza kufungiwa kisanduku cha aina nyingine. Walitupokea vizuri, wakatuuliza maswali ya haki kabisa: mchoro wa mradi uko wapi, na mtambo huu ni mali ya nani kwa maandishi? Sheria ya maji ya mwaka 2019 inataka mradi wa kijijini uendeshwe na chombo cha wananchi kilichosajiliwa. Sisi chombo tunacho, tumekisajili, kina muhuri. Ambacho hatuna ni karatasi inayosema mradi umekabidhiwa kwa chombo hicho. Siku ya uzinduzi mlitukabidhi funguo na utepe, picha zikapigwa. Hati haikuwepo.

Kwa hiyo tumerudi bondeni. Kushuka mpaka chanzo ni nusu saa. Kupanda na ndoo ya lita 20 ni karibu saa nzima, na mvua ikinyesha njia ile inateleza kama sabuni. Foleni inaanza saa kumi alfajiri. Wasichana wa darasa la sita na la saba wanafika shuleni kipindi cha pili. Mwaka 2019 mwalimu mkuu aliwaeleza, mbele ya kamera yenu, jinsi mahudhurio yalivyopanda baada ya maji kuja. Tunashangaa hamjamuuliza tena.

2. Kalamu iko upande mmoja.

Neno mnalolipenda ni Partnerschaft. Mgeni wenu wa kwanza alitutafsiria kuwa ni ubia. Huenda hakujua uzito wa neno alilochagua. Kwa Kiswahili wabia wa duka hugawana faida na hasara, na kila mmoja ana ufunguo wake. Sisi kwa miaka 14 hatujawahi kuona mkataba hata mmoja wa mradi uliofanyika katika ardhi yetu.

Utaratibu tumeuelewa kwa kuunga vipande. Anayeomba fedha katika Wizara ya Ushirikiano, ile mnayoiita BMZ, lazima awe asasi ya Ujerumani iliyosajiliwa na yenye uzoefu wa angalau miaka mitatu. Serikali inaweza kutoa hadi asilimia 75 ya gharama, na chama kinatafuta iliyobaki. Hatuna ugomvi na hilo, fedha ni za walipakodi wenu. Tunajua pia wengi wenu mliuza keki na kuendesha matamasha kanisani ili kupata sehemu yenu. Lakini ombi huandikwa kwa jina letu. Huko ndani yanatajwa "mahitaji yaliyobainishwa na jamii", na jamii ndiyo sisi. Nani aliyabaini, lini, kwa swali gani? Sisi tuliomba maji ya mserereko kutoka chanzo cha juu, ambayo yasingehitaji pampu wala sola. Mtaalamu wenu alikaa siku mbili, akasema chanzo cha juu ni kidogo. Wazee walimwambia hakijakauka tangu wazaliwe, lakini wazee hawaandiki ripoti.

Halafu kuna jasho letu. Mtaro wa bomba, kilomita nne, tuliuchimba kwa msaragambo, kila Jumanne na Alhamisi kwa miezi mitatu. Mawe na mchanga tulisomba wenyewe. Wakati wa chakula kila kaya ilileta makande kwa zamu. Katika taarifa ya fedha tuliyosomewa na yule binti hakuna mstari hata mmoja wa kazi hiyo. Waliotajwa ni wafadhili na "wanufaika".

3. Kontena.

Hili nitalipitia haraka kwa sababu lina aibu kwa pande zote mbili. Mwaka 2022 mlituma kontena la kompyuta zilizotumika, baiskeli na nguo. Msamaha wa kodi huombwa kabla mzigo haujafika. Nyaraka kutoka kwenu zilikuja meli ikiwa imeshatia nanga. Kontena likakaa bandarini miezi mitano, na gharama za hifadhi zikalipwa kutoka mfuko wetu wa maji, ule ule ambao leo wageni wenu wanatuuliza kwa nini hauna akiba ya matengenezo.

Kompyuta zenyewe zilikuwa na vibonye vya Kijerumani, herufi Z imekaa panapopaswa kuwa Y, lakini programu iliyowekwa ndani ni ya Kiingereza. Mtoto anabonyeza Z, inatoka Y. Zoezi la kwanza mwalimu aliwaambia waandike jina la nchi yao. Darasa zima likaandika "Tanyania". Mpaka leo timu ya mpira ya shule hutaniwa kwa jina hilo.

4. Mialiko na viza.

Mwaka 2023 mlitualika watu wawili kwenye mkutano wenu mkuu: mwenyekiti wa kijiji na mama anayeongoza kamati ya maji. Tukafurahi. Mkutano ulihusu mustakabali wa mradi, na tuliambiwa tutapewa dakika 20 za kuzungumza. Barua ya mwaliko ilitufikia siku 11 kabla ya safari. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, kwa kawaida hushughulikiwa kwa siku 15, na hapo hujahesabu kupata miadi. Tena ilikuja bila hati ya dhamana, ile ambayo mwenyeji wa Ujerumani huisaini kwenye ofisi ya serikali yake akikubali kubeba gharama za mgeni. Walilipa ada, euro 80 kila mmoja kwa wakati ule, wakalala Dar es Salaam kwa ndugu siku sita, wakarudi na karatasi iliyowekwa alama kwenye kisanduku kinachosema nia yao ya kuondoka kabla viza haijaisha ina shaka.

Mama yule ana watoto watano, ng'ombe wawili na shamba la viazi. Ana mashaka mengi maishani, lakini la kurudi nyumbani halimo. Ofisi ya viza hatuilaumu kwenye barua hii; ilisoma karatasi pungufu ikatoa jibu la karatasi pungufu. Tunawalaumu ninyi mlioituma. Toka 2011 tumewapokea wageni wenu mara nyingi, tumewachinjia mbuzi, tumewatandikia vitanda vyetu tukalala chini, na hatukuwahi kumtaka hata mmoja athibitishe kwamba ataondoka.

5. Vijana wa kujitolea.

Mpango wa weltwärts, wa serikali yenu wa kupeleka vijana wa kujitolea nchi za nje, ulianza 2008, na tangu 2013 una njia ya kuwapeleka vijana wa kwetu Ujerumani. Kupitia ninyi tumepokea vijana 12. Tuliopeleka: sifuri. Vijana hawa ni watoto wazuri, mmoja alijua kusalimia kwa Kisambaa kuliko wanangu waliokulia mjini. Lakini wana miaka 18 au 19, na maelezo wanayoyaandika nyumbani ndiyo yanayosomwa na kamati yenu kama taarifa ya mradi. Kijana akiandika kwamba watu wa huku wana furaha ingawa hawana kitu, ninyi mnaridhika. Hiyo si taarifa ya maji.

Sasa majibu tunayoyatarajia, maana mengine tumeshayasikia pembeni kutoka kwa wageni.

Mtasema ninyi ni wastaafu mnaojitolea, hamlipwi, wengine afya haziko sawa. Tunalijua hilo na tunawaombea. Mimi pia silipwi. Kamati ya maji ya hapa hailipwi, na kila siku kuna mtu anakuja mlangoni kwao na ndoo tupu kuwauliza. Kwenu sheria inaruhusu watu saba tu kuanzisha chama na kukisajili. Ikiwa saba wa kuanzisha hupatikana, na mmoja wa kujibu barua atapatikana.

Mtasema sheria zenu za fedha haziruhusu kutumia senti kwenye mradi uliofungwa. Hatukuomba senti. Tumeomba namba ya dhamana, mchoro na barua ya kumruhusu fundi wetu anunue kipuri kwa fedha zetu wenyewe. Karatasi tatu.

Mtasema bajeti imekatwa. Tunasoma habari: bajeti ya BMZ ilikuwa euro bilioni 11.2 mwaka 2024, na mwaka huu imeshuka hadi bilioni 10.3. Hilo ni jambo kubwa na litawaumiza watu kwingineko kuliko sisi. Ila ile kadi ya upana wa kiganja haimo kwenye hizo bilioni.

Na mtasema, kwa sauti ya chini, kwamba huku kwetu fedha huliwa. Tuliseme wenyewe. Mwaka 2016 mhazini wetu alichukua mifuko 30 ya saruji ya darasa akajengea nyumba yake. Tuligundua sisi, si ninyi. Tulimweka mbele ya mkutano, akairudisha yote ndani ya msimu mmoja, na tukawaandikia kila kitu bila kuficha jina. Barua ile mliijibu kwa siku nne.

Siku nne, Mama Mwenyekiti. Kumbe anwani yetu mnayo.

Naomba niseme neno kwa wanaopata nakala. Uhusiano wa nchi zetu hauishii kwenye pampu ya kijiji kimoja. Tanga na Eckernförde ni miji marafiki tangu 1963, Mwanza na Würzburg tangu 1966, Dar es Salaam na Hamburg tangu 2010. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa 1971, ilijengwa kwa mkono mkubwa wa Misereor, shirika la misaada la Kanisa Katoliki la Ujerumani. Sharika na shule zenye marafiki Ujerumani sizihesabu. Watu wenu wanajuana, wana mtandao, wanakutana, wanabadilishana uzoefu. Sisi tulioko upande huu hatujuani. Kijiji jirani kina rafiki wa Kijerumani na pampu ya sola; tulikuja kujua baada ya yetu kuungua, tena kwa kukutana sokoni Soni siku ya kuuza plamsi. Kumbe nao walipitia yale yale, ila chama chao kiliwaachia sanduku la vipuri na hati ya makabidhiano siku ya kwanza. Kama kungekuwa na kikao kimoja tu kwa mwaka cha wabia wa Tanzania wenyewe kwa wenyewe, tungelijua jambo hilo mwaka 2019. Kwa miaka 14 neno mtandao kwetu limekuwa na maana ya mikutano ya watu wengine inayotuhusu sisi.

Pia tumekumbushana historia kwenye mkutano wa kijiji, maana mwalimu mmoja mstaafu hawezi kupewa nafasi bila kuifundisha. Alieleza kwamba mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi, kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kufungua ofisi Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere aliwaambia waondoe na misaada mingine ya serikali yao. Watu wakapiga makofi. Nikawaomba watulie: sisi si Nyerere, na kijiji chetu hakina jeshi la anga. Mzee mwingine akakumbusha la karibu zaidi, kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Majimaji. Rais mzima, kwa jambo la miaka 118 iliyopita. Mzee akauliza kama kamati ya chama nayo ina utaratibu wa kusubiri miaka 118. Hilo nimeagizwa niliandike kama lilivyosemwa.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Ndani ya wiki mbili mtutumie namba ya dhamana, mchoro wa mradi na barua ya ruhusa kwa fundi. Kipuri tutanunua wenyewe.

(b) Msaini hati ya makabidhiano ya mradi kwa chombo chetu cha maji, kwa Kiswahili na Kijerumani, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji.

(c) Jarida lenu lijalo lisahihishe ile habari ya tenki, kwa ukubwa ule ule na mahali pale pale. Watu waliotoa fedha zao wana haki ya kujua.

(d) Kuanzia sasa hakuna ombi la fedha linalopelekwa popote kwa jina la kijiji chetu kabla mkutano wa kijiji haujalisikia kwa Kiswahili na muhtasari kupigwa muhuri. Ombi lolote la mtambo liwe na fungu la vipuri na mafunzo ya fundi wa hapa hapa.

(e) Mwaliko utumwe miezi mitatu kabla, ukiwa na hati zote, au msitualike. Mkutano mwingine mnaweza kuufanyia huku; nafasi ya kulala ipo.

Tumeweka mwisho wa kusubiri kuwa tarehe 31 Desemba 2025. Baada ya hapo tutakwenda halmashauri na muhtasari wa mkutano, tuombe kibali cha kuing'oa pampu na kufunga nyingine ambayo kipuri chake kinapatikana Tanga, au kurudi kwenye lile wazo la wazee la maji ya mserereko. Kibao chenye jina la chama chenu kitaondolewa kwa heshima na kutunzwa ofisini.

Kuna na hili la mwisho. Mwezi uliopita mlituandikia. Ndiyo, mlituandikia, siyo kujibu, bali kuomba picha za watoto wakisoma kwa ajili ya mradi mpya wa maktaba, na mkataka zifike mapema kwa sababu ya tarehe ya mwisho ya maombi. Maktaba tunaitaka sana. Lakini mkutano umeamua kwamba hatutatuma picha yoyote, ya mtoto, ya mwalimu wala ya jengo, mpaka (a) na (b) zitekelezwe. Mtoto wa dada yangu amekuwa mrefu sasa, asubuhi anashuka bondeni na mama yake. Mkitaka picha yake hiyo, njooni muipige wenyewe saa kumi alfajiri.

Kisanduku kimefunguliwa ukutani, kimefungwa kwenye mfuko wa rambo kisiingie unyevu, na kiko kabatini ofisi ya kijiji. Namba ya kibandiko tuliiandika kwenye barua zote tatu zilizotangulia, na tunaiambatanisha tena na nakala hii inayokuja kwenu kwa posta.

Wenu katika ujenzi wa ubia,

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Maji na Mkutano Mkuu wa Kijiji